Kipandio cha Mjomba Onesphory

Getanuwas, Hanang
4 Mei 2025

Kwako mpwa wangu Fabiola, huko Mbulu kwenye baridi,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Mimi mjomba wako ni mzima kuliko wazima wote. Mama yako, dada yangu Scolastica, naye ni mzima, na kuku wake wanataga.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu yangu ilichomoka mfukoni siku tunamwaga zege la msingi wa zahanati. Vijana wakataka kuchimba, nikawakataza, zege langu likishashika halichimbiki. Mpaka leo mtu akinipigia sakafu inatetemeka, na mganga atakayekaa pale itabidi awe ananipokelea. Kwa hiyo tuandikiane. Barua nampa Hatibu, yule mfanyabiashara wa Dongobesh anayekuja huku kununua mahindi kisha anakwenda huko Mbulu kununua vitunguu saumu.

Sasa habari yenyewe. Mama yako ameniambia kwamba halmashauri imekupangia kuja kuwa mtaalamu wa maabara kwenye zahanati yetu hii mpya, na kwamba unatakiwa ujibu kabla ya mwisho wa Julai kama unakubali au unabaki huko. Akasema unasitasita kwa sababu ya kiti mwendo chako, hujui utaingiaje. Mpwa! Unasitasitaje wakati fundi mkuu ni mimi?

Jengo liko kwenye mteremko, mbele msingi umeinuka hadi kifuani kwangu. Lakini nimemwambia mwenyekiti wetu wa kijiji, Patriki, mbele ya mkutano: "Rampu nitajenga mimi." Akaniuliza, "Fundi, umewahi kujenga rampu?" Watu wakacheka, wanamcheka yeye. Nani asiyejua vipandio vyangu vya kupakia ng'ombe kwenye malori huko minadani? Kimoja lori lilikigonga kinyumenyume, lori likapelekwa gereji vipande vipande, kipandio kikabaki kinauliza nani amekigusa. Na kuna fahali mmoja aliyekuwa amekataa kupanda malori ya mikoa mitatu. Alipoona kipandio changu akapanda mwenyewe, akageuka kumuaga mwenye mali.

Shule niliishia darasa la sita kwa kuwa mwalimu aliishiwa na cha kunifundisha, lakini zege nalijua. Jibu ndiyo. Na rampu ikiwa na shughuli nyingine siku hiyo, mgongo uliokubeba kutoka barabarani hadi kanisani kigangoni Krismasi ile bado upo.

Mjomba wako,
Onesphory, Fundi Mkuu


Mbulu
15 Mei 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua nimeipata, Hatibu ameileta inanuka vitunguu. Nimecheka mpaka mgonjwa aliyekuwa anasubiri majibu akadhani majibu yake ndiyo ya kuchekesha. Asante kwa kunisemea mkutanoni.

Lakini niseme wazi, usije ukadhani nasitasita kwa kupenda baridi. Maabara ninayofanyia kazi sasa ni ya mtu binafsi na iko ghorofani. Tangu ile ajali ya pikipiki nikiwa chuoni siwezi ngazi, unajua. Kila asubuhi vijana wawili wa bodaboda wananibeba hadi juu, na jioni wananishusha. Ni wapole, hawajawahi kuniangusha. Ila asubuhi sinywi chai wala maji, kwa sababu choo kiko chini, na siwezi kuita watu wanibebe kila ninapotaka kujisaidia. Daktari ameshaniambia figo zangu hazifurahii. Ndiyo maana nataka kuja nyumbani, na ndiyo maana sitaki kuja nyumbani kubebwa tena. Hata Krismasi ile, Mjomba, nilishukuru, lakini kiti changu kilibaki barabarani, nami nikakaa kwenye benchi pale uliponiweka mpaka ulipokuja kunichukua.

Kwa hiyo ninachohitaji siyo rampu tu. Ni njia, kuanzia barabarani, getini, mlangoni, hadi mezani kwangu, hadi chooni. Ikikatika mahali pamoja imekatika yote.

Kipimo cha rampu ni hiki: kila unapopanda kiasi kimoja, nenda mbele mara kumi na mbili. Kama msingi uko kifuani kwako, rampu itakuwa ndefu pengine kuliko jengo, na katikati itahitaji sehemu tambarare za kupumzikia. Juu, mbele ya mlango, pabaki tambarare ya kutosha kiti kugeuka, maana mlango ukifunguka kwa nje nikiwa bado kwenye mteremko utanirudisha nilikotoka. Pembeni weka kingo, gurudumu lisichomoke. Nimekuchorea nyuma ya karatasi.

Naomba uniambie pia, choo kimekaaje?

Mpwa wako,
Fabiola


Getanuwas
25 Mei 2025

Mpwa wangu Fabiola,

Imekwisha!

Mchoro wako ni mzuri, nimeubandika ukutani sebuleni watu wauone. Ila ulipofika zege lilikuwa limeshashika. Na hiyo kumi na mbili yako nilimwonyesha Patriki, akasema kwa urefu huo tutaanza kupanda zahanati tukiwa kijiji cha jirani. Mbele kiwanja chote kinaishia barabarani. Yangu ni fupi, inakwenda moja kwa moja kama mtu mwenye haja.

Ile tambarare ya juu sikuiweka. Inaingia mlangoni papo hapo, kama kipandio kinavyoingia kwenye bodi ya lori. Ng'ombe ukimpa nafasi ya kusimama pale juu anaanza kufikiri, na akifikiri anarudi. Pembeni nimeibana kwa kuta mbili, mtu asipate pa kugeukia. Na juu yake nimeweka matuta ya zege ya kukingama, kwato zisiteleze. Miguu, nilitaka kusema.

Nimeshaijaribu. Jirani yetu Gidahosh, yule mfugaji, alikuwa anapeleka ng'ombe majini kwa njia yao ile ya huku juu, nyuma ya zahanati. Nikamwita: "Gidahosh, niletee yule dume mwekundu."

"Dume wangu haumwi, Fundi."

"Hajaja kutibiwa. Amekuja kukagua."

Dume akapanda bila kuguswa fimbo, akaingia hadi chumba cha sindano. Kutoka ndiko kulitusumbua kidogo, lakini wewe utakuwa unatoka jioni, hakuna haraka.

Choo kipo, kizuri sana, kina bati jipya la rangi. Jibu ndiyo.

Mjomba wako,
Onesphory, Fundi Mkuu


Mbulu
3 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimesoma habari za dume. Mimi si ng'ombe.

Ng'ombe ana miguu minne na anajisukuma kwa ile ya nyuma. Mimi napanda kwa mikono miwili, na uzito wangu wote unataka kurudi nyuma. Tuta linalomsaidia yeye ndilo litakalonikwamisha, kwa sababu magurudumu yangu ya mbele ni madogo, upana wake hauzidi kikombe cha chai. Na zile kuta mbili ulizobana, mikono yangu inazungusha magurudumu kwa nje, vidole vitasagwa kati ya tairi na ukuta. Umejenga vizuri sana kitu cha kumnyima kiumbe njia ya kurudi.

Sikugombezi. Nakuomba jambo moja. Kigangoni kuna kiti mwendo cha wazee. Kiazime, ukae wewe mwenyewe, miguu usiitumie, upande bila kusukumwa na mtu. Kisha uniandikie. Wewe, siyo Patriki. Jibu langu kwa halmashauri litatokana na hilo.

Bati nimelisikia. Mlango wa choo je?

Fabiola


Getanuwas
14 Juni 2025

Mpwa,

Nimekaa kwenye kiti. Nimepanda. Safi sana, watu walishangilia. Jibu ndiyo.

Kazi ni nyingi, siwezi kuandika zaidi.

Onesphory


Getanuwas
16 Juni 2025

Mwanangu Fabiola,

Hatibu amepita hapa akaniambia kaka yangu amempa barua ya mistari miwili mitatu. Onesphory aandike mistari mitatu! Nikajua hajakuambia. Nikamwomba Hatibu angoje niandike na mimi. Usimwonyeshe mjomba wako kwamba unajua.

Alipanda. Alivuka tuta la kwanza kwa kelele nyingi. Kwenye la pili akakwama, Patriki akamwambia, "Fundi, acha nikusukume." Akasema, "Mtu asiniguse!" Basi hakuguswa. Kiti kikaanza kurudi, mwanzo polepole, baadaye siyo polepole. Kilimtoa getini, kikavuka barabara, kikammwaga kwenye alizeti. Kina mama wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Gidahosh ndiye aliyekwenda kumwinua, akamuuliza, "Fundi, kwani dume wangu alifanyaje?" Nadhani aliuliza kwa nia njema.

Hakuumia, amechubuka vidole tu. Lakini tangu siku hiyo hatoki. Anasema anapumzisha mgongo. Jana nilimpelekea uji nikamkuta uani amekalia kile kiti, peke yake, anajaribu kuingia jikoni. Kizingiti kilimshinda. Alirudi nyuma, akaja tena, kikamshinda tena. Aliponiona akasimama akasema anakagua upepo wa tairi.

Mwanangu, mimi nataka uje, kila siku naangalia kitanda chako. Lakini usije kwa maneno ya kaka yangu.

Mama yako,
Scolastica


Mbulu
24 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimeipata barua yako, nashukuru kwa kujaribu. Kuhusu rampu sina la kuongeza.

Nina swali la ng'ombe, kwa kuwa kwa hilo hakuna anayekushinda. Kwenye lori ng'ombe anapanda pale alipolazimishwa. Akiachwa mwenyewe, akiwa anakwenda majini na hakuna fimbo nyuma yake, hicho kilima cha zahanati anakipitaje? Anakipanda kwa uso?

Ile njia ya Gidahosh uliyoitaja, ya nyuma ya jengo, inaanzia wapi barabarani? Na ikifika nyuma ya zahanati imepishana kiasi gani na sakafu yako? Ukipata nafasi chukua kamba na pima maji uangalie.

Nauliza tu.

Fabiola


Getanuwas
6 Julai 2025

Mpwa wangu Fabiola, marahaba sana!

Kaa vizuri kabla hujasoma, ingawa wewe umeshakaa. Nimegundua jambo ambalo wahandisi wa nchi hii hawajaligundua. Nimeligundua mwenyewe, barua yako ilipofika ndiyo nilikuwa namalizia kugundua.

Ng'ombe akiachwa mwenyewe hapandi kilima kwa uso. Anakizunguka ubavuni, taratibu, kama mzee aliyetoka kula. Njia ya Gidahosh inaachana na barabara kule juu kwenye kona, inakuja inalala na kilima, na ikifika nyuma ya zahanati ardhi na sakafu yangu zimepishana unene wa tofali, basi. Nimepima kwa pima maji, kile kipovu kinaondoka katikati kidogo tu, kama mtu anayeona aibu. Nikachukua kiti cha kigango, nikaanzia barabarani hadi ukuta wa nyuma, kwa mikono yangu hii. Nimefika sina jasho. Hapakuwa na mtu wa kushangilia, ilikuwa mimi na kunguru.

Patriki akaja juu. "Fundi, unataka mtaalamu wa serikali aingilie nyuma, kama mtu anayeleta kuni?"

Nikamwambia, "Mwenyekiti, nyuma ni pale tulipoamua kuwa nyuma. Tutoboe mlango mkubwa huku, tuhamishe na kibao cha zahanati, huku ndiko kutakuwa mbele. Wote waingilie huku. Mjamzito, mzee, hata wewe na hilo goti lako." Akalipapasa. Goti lake analijua.

Aliyekuwa mgumu ni Gidahosh. Alisema, "Ng'ombe wangu wamepita hapa tangu babu yangu. Zahanati imekuja juzi, tayari inataka njia." Na ni kweli. Tukakaa kwake, tukanywa chai ya maziwa mpaka tukasahau kama tuligombana. Mwisho akakubali ng'ombe wazungukie chini ya uzio, ila akaweka sharti. Mama yake haoni siku hizi, na hataki kushikwa mkono. Anasema wakimshika wanamvuta kama mbuzi wa sadaka. Basi njia iwe na ukingo ulioinuka upande mmoja, usikatike mahali, aufuate kwa fimbo yake hadi mlangoni. Nikamwambia, "Ukingo wa mama yako tayari uko sebuleni kwangu, mpwa wangu alishauchora."

Rampu ya mbele nimeivunja. Nyundo tatu zimeharibika kabla haijakubali, hilo waambie na watu wa Mbulu.

Mlango mpya umeshatobolewa, na ule unene wa tofali nimeujazia mteremko wa hiyo kumi na mbili yako. Jibu ndiyo.

Onesphory, Fundi Mkuu


Mbulu
17 Julai 2025

Mjomba, shikamoo.

Hongera. Nimeisoma barua mara mbili, na ya pili niliisoma kwa sauti. Msalimie Gidahosh. Mwambie mama yake kwamba nimemwelewa, na ninatamani kukutana naye.

Nimeandika majibu mawili kwa halmashauri, la ndiyo na la hapana. Yote yako kwenye mkoba wangu, na mwisho wa mwezi unakuja. Kuna jambo nimekuuliza mara mbili, ukanijibu bati. Nikiwa mezani kwangu maabara, nikitaka kwenda chooni, naweza kwenda, nikajifungia mlango, nikarudi kazini, bila kumwita mtu?

Nijibu hilo tu.

Fabiola


Getanuwas
24 Julai 2025

Mpwa wangu,

Hapana. Bado.

Kutoka mezani hadi nje kiti kinapita. Njia ya kwenda chooni nimeimwagia zege wiki hii, haina tuta, nimeipita mwenyewe. Lakini ukifika chooni umefika ukutani. Mlango kiti hakiingii. Ni mlango mwembamba kuliko milango yote ya mkoa wa Manyara, na niliupima kwa mabega ya mtu anayetembea. Nilijaribu kuingia kwa ubavu, nikajaribu kukunja kiti kidogo, hakiingii. Na hata kingeingia, ndani hakuna pa kugeukia, na choo chenyewe ni cha kuchuchumaa. Bati ndilo peke yake lililokuwa la kusifia.

Ukuta wa upande wa maabara unaweza kubomolewa tukaongeza chumba. Patriki anasema kamati ikae kwanza. Kamati yetu ikikaa, inakaa kweli. Kwa hiyo mwisho wa mwezi haitakuwa tayari, na sijui itakuwa tayari lini.

Mama yako ameniuliza ninakuandikia nini, nimemwambia haya haya. Amelia kidogo, halafu akasema nikuandikie hivyo hivyo.

Usijibu ndiyo ili kunifurahisha mimi.

Onesphory


Mbulu
29 Julai 2025

Mjomba, shikamoo.

Nimejibu ndiyo. Leo asubuhi nimelipeleka jibu, na lile la hapana nimelichana.

Barua zako nimezoea kuzisoma huku napunguza nusu. Hii ya mwisho sikupunguza neno. Kwa hiyo najua kwamba kutoka barabarani hadi mezani kwangu nitafika, na najua kilichobaki ni chumba kimoja na sababu yake. Kwa hapa nilipo sijawahi kujua hata hicho. Nimewaambia halmashauri kwamba choo hakijakamilika na kwamba sitaanza kazi mpaka kikamilike. Wamekubali nianze Oktoba. Mwambie Patriki kamati ina miezi miwili ya kukaa na kuinuka.

Hicho kikao nami nitakuwepo. Nakuja na gari la Hatibu Jumamosi ya pili ya Agosti. Anishushie kule kwenye kona, mtu asije kunipokea pale. Mama akitaka kulia, alilie mlangoni.

Ukuta usiubomoe kabla sijafika. Kiti cha kigango ni kifupi kuliko changu, na wewe unakisukuma kwa mabega yako ya fundi. Nitaingia na changu pale mnapotaka pawe chumba, nitageuka. Wewe shika chaki, uchore chini pale kuta zitakapokaa. Gurudumu likigusa mstari, ufute, usogeze, nigeuke tena, mpaka nisiguse. Hapo ndipo utaniambia zege linaanzia wapi.

Mpwa wako,
Fabiola